Kutengeneza Kompyuta ya Mama Mkwe Bila Kumtazama Usoni

Mimi nimezaliwa kandokando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo watu huongea kwa kupaza sauti kwa sababu mawimbi hula nusu ya maneno. Nilipooa Kasense, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, nikaingia katika familia inayoheshimiana kwa kunyamaza. Si wote wa huku walio hivyo. Majirani zao wengi wameshaachana na mambo hayo, mkwe na mama mkwe wanakaa sofa moja wanatazama tamthilia. Lakini ukoo wa mke wangu umeshikilia mila yake kwa mikono miwili: mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, hampi kitu mkono kwa mkono, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Nikifika pale nachuchumaa uani, napiga makofi ya polepole, nasema, "Shikamoo mama." Naye yuko jikoni, hatua chache tu kutoka nilipo, ananisikia vizuri kabisa, lakini humwambia mke wangu, "Mwambie marahaba." Mke wangu ananigeukia: "Anasema marahaba."

Kwa mtu mwongeaji kama mimi, hiyo ni adhabu. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta na printa karibu na soko, na mteja akikaa kungoja mashine yake ataondoka akijua maoni yangu juu ya serikali, mpira, bei ya mahindi na ndoa. Sina subira na mashine, wala sina subira na watu wanaozitesa mashine. Nikikuta mtu amemwaga chai kwenye kibodi, namsema mpaka aniombe radhi mimi badala ya kibodi. Kwa mama mkwe tu ndiko nilikokuwa bubu.

Na mama mkwe alikuwa na kompyuta.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na siku ya kustaafu kwake walimkabidhi kompyuta moja ya ofisini kama shukrani, kwa kuwa zilikuwa zimekuja mpya. Ilikuwa ya mezani, kubwa, na tayari ilikuwa imeshazeeka kuliko baadhi ya walimu waliomkabidhi. Akaiweka chumbani kwake, karibu na magunia ya ulezi wa mbegu, akaivisha. Nasema akaivisha, sikosei neno. Kioo kilikuwa na kitambaa cha kufuma, lile boksi lenyewe lilikuwa na kitenge, na mwezi wa sita ukiingia na baridi yake, juu ya kitenge lilipanda blanketi. Mke wangu aliwahi kumweleza kwamba mashine haisikii baridi, tena inahitaji hewa. Akajibiwa kwamba kitu chochote kinachokaa huku Ufipa kinasikia baridi.

Aliitumia kuchapa nyimbo za kwaya na sala za jumuiya. Asubuhi alikuwa akibonyeza kitufe cha kuiwasha, anatoka, anapepeta ulezi, anabandika maji ya ugali, anamsalimia jirani pamoja na habari zote za nyumba ya jirani, kisha anarudi kuikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Hakuna aliyelalamika. Mama mwenyewe alisema kitu kizuri hakikurupuki.

Halafu ikaja habari ya shemeji yangu.

Kitinda mimba wa mama mkwe alikuwa sista, katika shirika lenye nyumba yake mkoa wa mbali, na wakati ulikuwa umefika aweke nadhiri za daima. Ni siku ambayo mzazi humsindikiza mtoto wake mpaka altareni, anamtoa mbele ya watu wote, na baada ya hapo mtoto si wa nyumbani tena. Mama mkwe alikuwa ameshashona gauni. Lakini nyonga yake ilikuwa imeharibika, na daktari alimkataza kabisa safari ndefu ya basi. Mjomba akaandaliwa kwenda badala yake. Mama hakulia mbele ya watu. Aliuliza jambo moja tu: kama misa ile itaonekana.

Masista wakajibu kwamba watairusha moja kwa moja mtandaoni. Basi, tatizo likawa limekwisha, tulidhani. Kwenye simu hakuweza kuona, maana ana mtoto wa jicho na uso wa mtu kwenye simu kwake ni kama doa. Nikatuma ujumbe kupitia mke wangu kwamba nitaleta laptop mpya kutoka dukani. Jibu likarudi: "Mwambie asihangaike. Ninayo yangu." Kompyuta ile alipewa kwa jasho lake la kufundisha, na ndiyo itakayomwonyesha mtoto wake. Mke wangu alinitazama kwa jicho la kusema nisithubutu kubishana, kana kwamba kulikuwa na njia yoyote ya kubishana.

Jumapili moja mke wangu alienda kuijaribu. Alifungua misa ya parokia fulani inayorushwa mtandaoni, akamkalisha mama mbele ya kioo. Sauti ilitoka vizuri. Picha ilikuwa inakwenda kwa kurukaruka, lakini inakwenda. Ikafika wakati padri anainua hostia, na hapohapo picha ikaganda.

Mama mkwe alikuwa ameshapiga magoti, na nyonga yake ile. Hostia iko juu. Mtu hainuki hostia ikiwa juu. Sauti ikaendelea mbele peke yake: Baba Yetu ikapita, komunyo ikapita, ikafika kwenye matangazo ya harusi na michango ya ujenzi, na padri kwenye kioo bado ameinua mikono, na mama bado yuko chini. Mke wangu akamsihi ainuke. "Huoni Bwana yuko juu?" Mke wangu akataka kuizima, akaogopa, nani atamzima Bwana? Mwisho alipata akili, akakishusha kile kitambaa cha kufuma taratibu juu ya kioo, kwa heshima zote, na mama akakubali kuinuliwa. Iliwabidi waje majirani wawili kumsaidia.

Alinisimulia huku anacheka mpaka anashika ukuta, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia. "Unajua kaniambia nini? Kasema nikwambie, siku ya mtoto ikiganda namna hii, atafia palepale alipo."

Basi nikaenda Kasense na begi langu la vifaa.

Kizuizi cha kwanza: mgonjwa alikuwa chumbani kwa mama mkwe, na mimi hata mlango wa chumba kile sikupaswa kuujua rangi. Mama alikuwa ndani, mbele ya mashine. Mimi nilikuwa sebuleni, nimeupa mgongo ukumbi. Mke wangu alisimama katikati, ukumbini, kama refa.

"Mwambie abonyeze kwa kulia kwenye Kompyuta, achague cha mwisho kabisa chini," nilisema.

"Mama, bonyeza kwa kulia..."

"Nimesikia," mama alisema kutoka ndani. "Mwambie nimeshabonyeza."

"Anasema ameshabonyeza."

"Nimesikia. Muulize panapoandikwa ramu pana ngapi."

"Mama, panapoandikwa..."

"Moja. Mwambie giga moja."

"Giga moja," mke wangu akasema, ameshaanza kuchoka. "Sasa mimi hapa nafanya nini?"

"Unatafsiri," nilimjibu, na kutoka chumbani nikasikia kama mtu anajizuia kucheka. Inawezekana alikuwa anakohoa.

Giga moja! Nilijishika kichwa. Kwa kazi ya siku hizi hiyo haitoshi hata kufungua ukurasa mmoja wenye picha. Mke wangu akaniuliza tatizo ni nini hasa, kwa sauti ambayo nilijua haikuwa ya kwake peke yake, nami nikamweleza kwa sauti ambayo haikuwa ya kumweleza yeye peke yake. Nikasema diski ya kompyuta ni ghala, mahali pa kutunzia. Ramu ni ungo, mahali pa kufanyia kazi. "Ghala la mama ni zima, lina nafasi. Ila ungo wake ni wa kuchezea watoto. Ukitaka kupepeta gunia la ulezi kwa ungo ule, unapepeta kiganja kimoja, unamwaga, unapepeta kingine. Video ni gunia zima."

Halafu, kutoka ndani: "Mwambie nimeelewa. Mwambie alete ungo."

Mke wangu alilitoa boksi lile nje likiwa bado limefungwa kitenge, kwa masharti ya mwenyewe, maana upepo ulikuwa unavuma. Nikalifungulia barazani. Nimefungua mashine nyingi katika maisha yangu, nimekuta mende, nimekuta mjusi, lakini sijawahi kukuta mavuno. Ulezi ulikuwa umeingia kupitia matundu ya pembeni, umejaa chini, umenasa kwenye feni, umechanganyika na vumbi na nyuzi za blanketi. Nikaliinamisha na kulitikisa. Kuku wakaja mbio, wakadonoa chakula kutoka kwenye kompyuta huku wananitazama kama mtu aliyechelewa kuwahudumia. Kwa mteja mwingine ningehubiri mpaka jua lizame. Pale nilimeza maneno yangu yote, na yalikuwa mengi.

Ndani kulikuwa na nafasi mbili za ramu, moja ina kile kipande cha giga moja, nyingine tupu. Shida ya ramu ni kwamba kila kizazi cha kompyuta kina ya kwake, na lile pengo dogo la kwenye ukingo wake lipo mahali pake. Ukilazimisha ya kisasa kwenye mashine ya zamani unavunja vyote viwili. Nikazunguka maduka ya mjini. Zote zilikuwa za kisasa. Mwenye duka mmoja, kijana ninayefahamiana naye, alikigeuzageuza kile kipande nilichomwonyesha, akacheka. "Mshikaji, hii mashine ipeleke makumbusho."

"Ni ya mama mkwe," nikamwambia.

Akaacha kucheka. "Ah. Pole."

Nilirudi kibandani nimekasirika, nikatafuta kwenye makorokoro yote. Hakuna. Nikaagiza kwa simu kwa mafundi wenzangu mpaka Chala. Hakuna. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku kadhaa, na nilikuwa nimeshaanza kuandaa maneno ya kumwambia mke wangu. Nikawa nabishana na mteja mmoja aliyekaa akingoja printa yake, na katikati ya ubishi nikamtazama amekaa juu ya nini. Alikuwa amekaa juu ya kompyuta mfu, boksi kuukuu nililoligeuza kiti cha wateja tangu nifungue kibanda, lenye mto mdogo juu. "Inuka," nikamwambia. Akadhani nimekasirikia hoja yake. Nikalifungua palepale miguuni pake: vipande viwili vya giga mbilimbili, pengo mahali pake haswa. Nilimkumbatia yule bwana, na printa yake nikamtengenezea kwanza.

Vipande vya zamani hupata kutu nyepesi kwenye yale meno yake ya shaba, kwa hiyo nilivisugua kwa ufutio wa penseli, taratibu, nikavipuliza, nikarudi Kasense, nikang'oa kile cha giga moja na kuvipachika vyote viwili. Kompyuta ya mama mkwe ikawa na giga nne. Mke wangu akaleta kioo, nikaunganisha, ikawaka. Nikakaribia kupiga kigelegele, nikakumbuka mimi ni mwanaume na niko barazani kwa watu.

Kilichofuata sikukitegemea. Kioo kilipowaka, mama mkwe alinitazama usoni.

Ilikuwa picha yake mwenyewe, ameiweka nyuma ya kila kitu: amevaa gauni la kanisani, ameketi wima, macho yamenielekea moja kwa moja, makubwa kama sahani. Nilisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Nilishatumia muda wote tangu nioe nikiepuka macho yale, na sasa yalikuwa yananitazama kwa upana wa kioo kizima, yakingoja nieleze nafanya nini na vitu vyake. Nikajaribu kufanya kazi kwa kutazama kona. Nikabonyeza visivyo. Mwisho mke wangu akaleta khanga, akaitundika juu ya nusu ya kioo, nami nikafanya kazi katika nusu iliyobaki, yeye akinisomea ya upande wa pili kwa kuchungulia.

Humo nikakuta sababu nyingine ya uzito: antivairasi tatu, kila moja iliwekwa na ndugu tofauti aliyekuja likizo akitaka kusaidia, zinagombana zenyewe kwa zenyewe kutwa nzima na kula ule ungo mdogo kabla mwenye nyumba hajaamka. Nikaacha moja. Nikazima kila kilichokuwa kinajiwasha bila kuitwa. Iliporudishwa chumbani na kujaribiwa kwa misa nyingine, padri aliinua hostia akaishusha, vizuri kabisa, na mama akapiga magoti na kuinuka kama waumini wengine. "Mwambie Mungu ambariki," nikasikia.

Siku yenyewe, sebule ilijaa akina mama wa jumuiya. Kompyuta ilikuwa imeletwa sebuleni, imevuliwa blanketi kwa amri yangu, na mama mkwe alikuwa mbele yake na lile gauni jipya. Mimi nilikuwa nje, chini ya dirisha, nimejikunyata kwa baridi, nimeishika simu yangu juu ya kizingiti kwa sababu pale ndipo mtandao unaposhika na bando lilikuwa la kwangu. Nilikuwa naifuata misa kwa masikio. Masomo, mahubiri marefu, mke wangu ananichungulia na kunionyesha dole gumba.

Ndipo nikasikia akina mama wanaguna wote kwa pamoja, na baada ya muda kidogo milio: pii, pii, pii. Mirefu. Kila fundi anaijua. Kompyuta ilikuwa imezimika, imejaribu kuwaka tena, haikuiona ramu. Walipoihamisha kutoka chumbani kipande kilikuwa kimelegea.

"Wewe bwana, ingia!" mke wangu akapiga kelele dirishani.

"Niingieje? Mama yuko humo!"

"Ingia! Wameanza kuwaita majina!"

Nikaiacha simu pale kizingitini, nikaingia. Niliingia kinyumenyume, ili nisimwelekee, nikakanyaga miguu ya watu, nikaomba radhi bila kujua kwa nani. Nikafungua ubavu wa boksi. Nilikuwa naogopa. Mke wangu alikuwa ameweka simu yake sikioni kwa mama, nami nikawa nasikia ile sauti ndogo ikiita jina la sista mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akiitika. Nikakibonyeza kipande kwa vidole gumba viwili mpaka kikalia tak. Nikawasha. Ikaja ile picha ya mama na macho yake, mbele yangu mama mkwe, nyuma yangu mama mkwe. Nikafungua misa.

Shemeji yangu alikuwa amesimama mbele ya altare. Mjomba alikuwa pembeni yake na koti lililomzidi. Mimi nilikuwa nimeinama mbele ya kioo, mkono mmoja umekandamiza boksi, naogopa kuuondoa.

"Toka hapo, baba, unanizibia mtoto!"

Mke wangu alifungua mdomo, kwa mazoea, anirudishie ujumbe, akaufunga. Nikasogea pembeni, nikakaa sakafuni palepale nilipofikia, hatua moja kutoka kiti chake, na hakuna aliyenifukuza.

Shemeji alisoma nadhiri zake kwa sauti thabiti. Alipofika kwenye yale maneno ya mpaka kufa, akainua uso, na kamera ikamsogelea mpaka akajaa kioo kizima, mashavu ya mama yake, macho ya mama yake. Hakuna kilichorukaruka.

"Baba," mama mkwe aliniambia, polepole sasa, "huwezi kumsimamisha hapo kidogo?"

Nikanyoosha mkono, nikabonyeza. Uso ukatulia. Mama akajivuta mbele ya kiti, akausogeza uso wake karibu kabisa na kioo, akamtazama mtoto wake kwa jicho lile linaloona, kuanzia kwenye shela mpaka kidevuni, kama mtu anayekagua mtoto kabla hajaenda shule. Nilikuwa nalia, na wala sikugeuka kujificha. Wala akina mama hawakuimba. Tulimngojea.

Kisha akaegemea kiti.

"Haya, baba," akasema. "Mwachie aende."

Nikabonyeza.